Chupa ya Hamira Katika Somo la Sayansi

Wako wanafunzi wengi wa sekondari wawezao kuandika bila kosa mlinganyo wa usanisinuru, na ule wa uchachukaji pia, ilhali hawajapata kuona hata tendo moja kati ya hayo likifanyika mbele ya macho yao. Sababu itolewayo ni kwamba maabara haina vifaa. Sababu hiyo ina ukweli, lakini haitoshi. Chupa za plastiki, sukari, hamira na mrija mwembamba vyaweza kuyaleta matendo yote mawili juu ya meza moja.

Wafugaji wa samaki wa mapambo wameitumia njia hii kwa miaka mingi ili kustawisha mimea katika matangi ya kioo. Mmea wa majini huhitaji gesi ya kabonidayoksaidi kama uhitajivyo mmea wa shambani. Lakini ndani ya maji gesi hiyo husambaa polepole mno, kiasi cha mara 10,000 chini ya kasi yake hewani. Na maji yanayoipata kutoka hewani tu huwa na pungufu ya miligramu moja kwa lita. Ndiyo maana mmea huweza kudumaa hata ukipewa mwanga na mbolea ya kutosha.

Utaratibu wenyewe ni rahisi. Gramu 200 za sukari huyeyushwa katika lita moja ya maji ya vuguvugu ndani ya chupa ya lita moja na nusu, kisha huongezwa robo kijiko cha chai cha hamira. Kifuniko hutobolewa, mrija hupitishwa, na tundu huzibwa barabara kuuzunguka mrija. Gesi hupitia kwanza chupa ya pili yenye maji kidogo, ili povu lisifike tangini. Kwa hesabu ya kemia, sukari hiyo haiwezi kutoa zaidi ya gramu 103 za gesi. Baada ya wiki mbili hivi mapovu hupungua, ama kwa kuwa sukari imekwisha, ama kwa kuwa alkoholi iliyotokea imeidhoofisha hamira yenyewe.

Hapana jambo geni katika haya. Mama aumuaye unga wa maandazi na mgema wa tembo la mnazi wanayajua matokeo ya uchachukaji kuliko vitabu vingi. Kazi ya mwalimu ni kuuunganisha ujuzi huo na sayansi, wala si kuudharau.

Hata hivyo, urahisi usizae uzembe. Chupa iliyozibwa pasipo njia ya gesi hupasuka. Kwa hiyo chupa ya kioo isitumiwe kamwe. Aidha, hamira hailali. Usiku mmea huacha kutumia kabonidayoksaidi na wenyewe huanza kuitoa, huku chupa ikiendelea kuimimina. Asubuhi samaki huweza kukutwa wakitweta juu ya maji, au wamekufa. Mrija hauna budi kutolewa tangini jioni na kuachwa wazi. Kuuziba ni kualika mlipuko.

Kwa sababu hizo, yafaa shule zianze bila samaki. Mitungi miwili ya maji na mmea wa aina moja yatosha: mmoja upitishiwe gesi kwa muda, mwingine usipitishiwe. Kisha mrija uondolewe, mitungi iwekwe juani, na mapovu yatokayo katika kila mmea yahesabiwe kwa dakika. Hayo ni mapovu ya oksijeni, aliyoyachunguza Jan Ingenhousz katika kitabu chake cha mwaka 1779. Vitabu vya shule hupenda kutaja Elodea, mmea wa asili ya Amerika. Lakini Ceratophyllum huota katika Ziwa Victoria, na hufaa vivyo hivyo. Baada ya somo mimea isitupwe ziwani wala mtoni, kwani madhara ya gugumaji yametosha kuwa funzo.

Maabara bora zinahitajika, na madai ya kuzipata yasikome. Lakini mwanafunzi wa leo hawezi kungojea jengo la kesho. Aliyehesabu mapovu kwa macho yake, akauliza kwa nini mtungi mmoja umeushinda mwingine, amekwisha kuingia katika sayansi. Aliyekariri mlinganyo tu bado yumo mlangoni.