Uza majani, usiuze shamba: Kanumba na sisi wa kurekodi kwa simu

Kama uko na miaka ishirini na kitu na umelelewa upande huu wa Bomet, kuna uwezekano mkubwa kwamba Kiswahili chako cha mapenzi ulifunzwa na Steven Kanumba. Tulimwona kwa mabasi, kwa vibanda vya video, na kwa zile DVD za jirani zilizokwaruzika hadi hujui hadithi iliisha vipi. Siku hizi mambo yamegeuka. Wewe ndiye unarekodi: vichekesho kwa Kipsigis, simu imeegemezwa kwa debe, mabeste watatu wakiigiza mkwe, chifu na ng'ombe aliyepotea. Na ukiulizwa unataka kuwa nani, unataja mwigizaji.

Hapo ndipo nina shida na wewe kidogo. Kanumba hakutosheka kuwa mwigizaji, na sababu yake inakuhusu.

Alizaliwa Shinyanga mwaka wa 1984. Akaanza na michezo ya runinga katika Kaole Sanaa Group, Dar es Salaam, na soko la filamu za nyumbani lilipofunguka akaingia nalo mzima mzima. Johari, akiwa na Vincent Kigosi na Blandina Chagula, ilimpa jina. Kisha Oprah. Akaenda kufanya kazi na Wanaijeria, akaigiza na Mercy Johnson katika Dar to Lagos, baadaye akacheza na Ramsey Nouah katika Devil Kingdom. Kufikia wakati huo hakuwa tena mtu wa kungoja kupigiwa simu. Alikuwa na kampuni, Kanumba The Great Film. Anatunga hadithi, anaongoza, anakuwa prodyusa. (Kujiita The Great ukiwa hata miaka thelathini hujafika kunahitaji roho ngumu, lakini sawa, alijiamini.) Alifariki Aprili 7, 2012, akiwa na miaka 28. Umati uliofurika Leaders Club kumuaga kabla ya kuzikwa Kinondoni, Dar haikuwa imezoea kuuona kwa msanii. Mambo ya kifo na kesi yameandikwa ya kutosha, mimi siendi huko.

Ninakoenda ni kwa hiyo kazi ya uprodyusa. Watu wengi wa filamu za Bongo enzi hizo walikuwa wanauza kazi kwa msambazaji mara moja. Unapeleka filamu, unapewa donge lako, unaondoka. Msambazaji anachapa nakala, anauza Mwanza, Nairobi, Lubumbashi, na wewe huna la kudai. Filamu inaweza kuchezwa kwa kila basi la Afrika Mashariki miaka kumi na usione hata ndururu. Na mwigizaji alikuwa chini zaidi ya hapo: analipwa siku za kurekodi, basi. Ndiyo maana wenye macho walikimbilia uprodyusa. Ukiwa prodyusa angalau wewe ndiye unaketi mezani na msambazaji.

Si Bongo peke yake. Kule kusini mwa India, Kamal Haasan alianza kuigiza filamu za Kitamil akiwa mtoto mdogo, mwaka wa 1960. Alikuwa staa tayari alipofungua kampuni yake mwaka wa 1981. Filamu yake Vikram ilipovuma mwaka wa 2022, ilikuwa chini ya kampuni hiyohiyo. Zaidi ya miaka arobaini, uso ni wake na duka ni lake.

Sasa turudi Sigor. Sigor hii ya Chepalungu, si ile ya Pokot Magharibi, maana kila mara tunachanganywa. Huku kuna mtindo: jamaa anakuja na kamera nzuri, taa na maikrofoni. Ameona video zako. Anasema mtafanya kazi pamoja, yeye atafungua chaneli, yeye atashika nywila, wewe utapewa elfu tano kwa kila kipindi. Unafurahi. Hakuna kilichoandikwa. Miezi sita baadaye watu wanakujua hadi Kericho, matangazo yanaingia, na bado ni elfu tano. Ukikasirika ukatoka, chaneli inabaki na yeye, pamoja na sura yako.

Utasema amekuibia. Kisheria huenda hajakuibia, na hii ndiyo inauma. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inasema mwandishi wa filamu ni yule aliyefanya mipango ya kuitengeneza. Si aliyechekesha. Si mwenye sura. Mimi chuo niliacha katikati na sheria sikusomea, lakini hicho kifungu kinasomeka bila wakili. Mwigizaji ana haki zake kama mwigizaji, ndiyo, ila filamu yenyewe mara nyingi ina mwenyewe mwingine. Na haki hizo zinadumu miaka 50. Sheria hiyohiyo inasema huwezi kuhamisha hakimiliki kwa mdomo tu. Lazima iandikwe na itiwe saini. So ile hadithi uliyoandika kwa daftari kabla kamera haijafika ni yako hadi siku utakapoweka sahihi.

Wacha niweke kwa lugha ya chai, hata kama sisi wa Sigor ni watu wa mahindi na ng'ombe na chai yenyewe iko juu huko Konoin. Mkulima wa kiwanda cha KTDA akipeleka majani analipwa kwa kilo kila mwezi. Halafu mwaka ukiisha anangoja bonasi. Kila mwaka watu wetu wanalia kwamba bonasi ya huku ni ndogo kuliko ya kina Mlima Kenya, na wako na haki ya kulia. Lakini wanalia kwa sababu shamba bado ni lao. Aliyeuza shamba halii bonasi. Kumruhusu mtu aonyeshe video yako kwa mwaka mmoja, kwa asilimia mliyokubaliana, ni kuuza majani. Kumpa chaneli na kila kitu kwa elfu tano ni kuuza shamba.

Na tumewahi kurekodiwa. Mwaka wa 1950 Hugh Tracey alifika Kapkatet na mashine yake akanasa nyimbo za Kipsigis, zikiwemo zile za Chemirocha zilizokuja kupendwa na watu wa mbali. Zikahifadhiwa Afrika Kusini. Zaidi ya miaka sitini ilipita kabla ya nakala kurudishwa kwa jamii zilizoziimba. Tracey alizitunza, na bila yeye huenda zingepotea, hilo siwezi kumnyima. Lakini aliyekuwa na mashine ndiye alijua nyimbo ziko wapi.

Najua utaniambia nini: elfu tano ni elfu tano, mama anangoja karo ya mdogo wako. Ni kweli, na kuna siku utauza tu. Uza basi, lakini uza kipindi kimoja, si jina lako na chaneli yote.

Na barua pepe ya chaneli iwe yako. KECOBO wana sajili ya mtandaoni ya kazi za sanaa, weka script zako huko. Halafu, kabla kamera haijawashwa, andikeni nusu ukurasa: nani alitunga, nani amerekodi, chaneli ni ya nani, matangazo yakiingia mnagawana vipi, mkiachana nani anabaki na nini. Majina, nambari za kitambulisho, tarehe, sahihi za wote wawili na shahidi mmoja. Pale saiba ya stejini kuchapisha karatasi moja ni shilingi kumi. Chapisha mbili.