Upinzani uliohamia Hazina

Mwaka 2023, wabunge wa muungano wa upinzani wa Azimio waliupinga Mswada wa Fedha kwa nguvu zote, hasa ile ibara ya kupandisha ushuru wa VAT kwenye mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16. Mwaka mmoja baadaye, Agosti 2024, John Mbadi, aliyekuwa mwenyekiti wa ODM, chama kikuu cha Azimio, aliapishwa kuwa Waziri wa Fedha katika serikali ya Kenya Kwanza. Opiyo Wandayi naye aliacha kiti cha kiongozi wa wachache bungeni akakabidhiwa Wizara ya Kawi na Petroli. Mafuta hayohayo!

Kwa Wakenya wenye kumbukumbu, hilo halikuwa geni. Machi 2018 Rais Uhuru Kenyatta na kiongozi wa upinzani Raila Odinga walishikana mikono nje ya Harambee House, na upinzani bungeni ukapoa ghafla. Hata ile asilimia 8 ya mwanzo ilipita Septemba mwaka huohuo, baada ya handisheki.

Si kwamba vyama havitofautiani kabisa. Wakati wa kampeni vinatofautiana sana: rangi, nyimbo, ngome za kura. Tofauti inayopotea ni ya bajeti, kwa kuwa madeni yanalipwa na yeyote aliye Ikulu.

Ndiyo maana vijana walioingia barabarani Juni 2024 kupinga Mswada wa Fedha wa mwaka huo hawakubeba bendera ya chama chochote. Mswada huo ulioondolewa haukuangushwa na kura za upinzani bungeni. Ulikuwa umeshapitishwa.