Kutu Chini ya Nyayo: Vespa ya Marehemu na Sakafu Yake

Juma hili ukurasa wetu umepata barua iliyotoka mbali na bahari. Mama mmoja, mzaliwa wa Mombasa aliyeolewa Migori miaka mingi iliyopita, ameandika kuwa marehemu mumewe alimwachia yeye na watoto wake Vespa ya zamani aliyokuja nayo kutoka Pwani. Chombo hicho kimekaa bandani nyuma ya nyumba tangu siku za msiba. Mnunuzi wa vyuma chakavu amekwisha kuja mara mbili na mizani yake. Mwana wa kiume, aliyemaliza kidato cha nne na hajapata kazi, anataka kukitengeneza mwenyewe hapo uani, ili ampeleke mama yake sokoni na dada yake mdogo chuoni. Fundi wa jirani ameitazama sakafu iliyoliwa na kutu, akasema ni jambo dogo: atabandika kipande cha bati, atapaka putti, atatia rangi, na jioni itatembea. Mama anauliza kama amwamini.

Katika hilo asimwamini. Simtuhumu fundi huyo kwa ubaya. Huenda amezoea pikipiki za siku hizi, na pikipiki na Vespa ni viumbe viwili mbalimbali.

Pikipiki za bodaboda zinazopita barabara ya Kisii kuelekea Isebania zimejengwa juu ya mabomba ya chuma. Ukivua vifuniko vyake vyote, mabomba hubaki, na injini na magurudumu hukaa pale pale. Vespa haina mabomba hayo. Aliyeibuni, Corradino D'Ascanio, alikuwa mhandisi wa ndege, na inajulikana kuwa hakuzipenda pikipiki: aliziona chafu na zisizo na raha. Kampuni ya Piaggio ilipomtaka abuni chombo cha bei nafuu baada ya Vita Vikuu vya Pili, alichukua elimu ya ndege, ambako ngozi ya chombo ndiyo inayobeba uzito. Vespa ilisajiliwa mwezi Aprili 1946 huko Italia, ikiwa na injini ya sentimita za ujazo 98. Jina lake maana yake ni nyigu. Mwili wake ni bati la chuma lililokunjwa na kuchomelewa, na bati hilo ndilo mifupa yenyewe. Ngao ya mbele, sakafu ya kuwekea miguu na sehemu ya nyuma chini ya kiti ni kitu kimoja.

Kwa hiyo sakafu hiyo si zulia. Ni uti wa mgongo. Ikioza, kilichobaki kuunganisha usukani na gurudumu la nyuma ni handaki jembamba la chuma linalopita katikati, nalo mara nyingi limeoza pia kwa ndani. Chombo cha namna hii hakitoi onyo. Kinapita matuta ya barabara leo na kesho, kisha siku moja, mwana akiwa amempakia mama yake, kinajikunja katikati.

Wasomaji wetu wa kike watanisamehe nikiongeza jambo lililo nje kidogo ya swali. Umbo hilo hilo ndilo lililoifanya Vespa ipendwe na familia. Mwanamke aliyevaa buibui hupanda na kushuka bila kuinua mguu juu ya tangi, na ngao ya mbele humkinga na tope. Mitaa ya Mji Mkongwe wa Unguja haijaacha kusikia sauti yake, na huko watu wengi husema vespa kwa skuta yoyote hata kama imetoka kiwanda kingine. Wahindi nao waliitengeneza kwa idhini ya Piaggio, kisha Bajaj wakaendelea na Chetak yao hadi mwaka 2009. Ndiyo Bajaj hiyo hiyo ambayo pikipiki zake zimejaa Migori.

Turudi kwenye kutu. Chuma huoza kinapokutana na maji na hewa, na chumvi huharakisha kazi hiyo. Vespa iliyoishi Mombasa imebeba chumvi katika mikunjo yake, na chumvi hiyo haiondoki kwa kuhamia bara. Migori hakuna bahari, lakini kuna masika ya kuanzia Machi hadi Mei na mvua nyingine za mwisho wa mwaka, na kuna udongo unaoganda chini ya sakafu ukashika unyevu siku nyingi. Juu ya sakafu, mpira wa kukanyagia huficha maji. Basi bati linaliwa juu na chini kwa wakati mmoja, na kwa kuwa kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, huinua rangi ikavimba kama upele. Ukiona uvimbe, tambua kuwa shimo liko njiani.

Uchunguzi si kazi ngumu, na hata mama aweza kuufanya mwenyewe. Ondoa mpira. Gonga sakafu polepole kwa mpini wa bisibisi, hatua kwa hatua. Chuma kizima hulia kwa sauti kali. Kilichooza hutoa sauti iliyokufa. Palipokufa, sukuma kwa ncha ya bisibisi. Ikizama, hapo hapana chuma. Chukua pia sumaku ndogo uipitishe juu ya rangi: isiposhika, chini yake pana putti, maana yake mtu amekwisha kuficha kitu zamani. Kisha laza chombo ubavu juu ya godoro kuukuu, baada ya kumwaga petroli, utazame vyuma vilivyokingama chini ya sakafu, mahali inapofungwa stendi, na tundu la kanyagio la breki. Sehemu hizo huoza mwanzo.

Kabla mwana hajashika spana, liko jambo linalogusa nyumba nzima. Chombo hiki bado ni mirathi. Ikiwa hakijagawanywa, mama ana thumni, yaani fungu moja katika manane, na kilichobaki ni cha watoto na warithi wengine ikiwa wapo, baada ya madeni na wasia. Mwana akitia fedha na jasho lake humo bila ya makubaliano, atakuja kusema ni changu, na dada zake watasema ni cha baba. Waketi, wakithamini kama kilivyo leo na kutu yake, waandike nani anachukua na nani analipwa, na gharama za matengenezo ziandikwe kando. Wakishindwa kupatana, Mahakama ya Kadhi ipo kwa ajili hiyo. Hati ya umiliki nayo ibadilishwe kwa njia ya NTSA, na nambari iliyogongwa kwenye mwili wa chombo isisuguliwe wala kufunikwa na putti, kwani ndiyo inayothibitisha kuwa ni kile kile kilichoandikwa katika hati.

Sasa kazi yenyewe. Kwanza tangi la petroli litolewe, liwekwe mbali kabisa na jiko na watoto, na betri kama ipo. Ndani ya lile handaki la katikati zinapita nyaya za gia, klachi, breki na umeme. Zote zitoke, maana moto wa kuchomelea utaziunguza. Hapa pana ujanja ambao kijana asipoambiwa atalia: kabla ya kuvuta waya, funga uzi imara kwenye ncha yake, ili waya ukitoka uzi ubaki ndani kuuongoza waya mpya. Bila ya uzi huo, ataipoteza siku nzima akitafuta tundu.

Kisha apime, na ayaandike aliyopima: kutoka shingo ya usukani hadi mahali kinapofungwa kiti, na pia kwa mshazari, kulia na kushoto. Achomelee kwa muda chuma cha pembe au bomba la mraba kuunganisha ngao ya mbele na sehemu ya nyuma. Huu ndio mhimili. Ukikata sakafu ya Vespa bila mhimili, mwili hulegea na kujipinda, na ukichomelea sakafu mpya juu ya mwili uliopinda, umeufunga upogo huo milele; gurudumu la mbele na la nyuma hayatafuatana tena. Akate upande mmoja, aumalize, ndipo aguse wa pili.

Kipande kipya kikatwe kwanza kwa karatasi ya boksi, kama fundi cherehani anavyokata kielelezo kabla ya kutia mkasi kwenye kitambaa. Katika hili mama aliyewahi kushona atamfaa mwanawe kuliko fundi asiye na subira. Bati lenyewe liwe la chuma cheusi, unene wa baina ya milimita 1.2 na 1.5. Lisiwe bati la paa. Bati la paa ni jembamba mno, na limepakwa zinki, ambayo ikiungua hutoa moshi unaomtia mchomeleaji homa na kutetemeka usiku ule ule. Na akate mpaka afike kwenye chuma kizima chenye kung'aa. Kiraka kilichoshonwa kwenye kitambaa kilichochakaa huchanika pembeni, na chuma nacho ni hivyo hivyo.

Kuchomelea kwenyewe nasema kwa uwazi: mwana asijifunzie hapa. Kusafisha, kupima, kukata kielelezo, kupaka rangi, hizo ni kazi za nyumbani, nazo ndizo nyingi. Moto umwitie fundi mwenye mkono mwepesi, anayejua bati jembamba, kwa gesi au kwa mashine ya waya. Mashine ya vijiti inayounda mageti hutoboa bati hili kwa sekunde chache, ingawa fundi stadi mwenye vijiti vyembamba huweza. Mwambieni aweke nukta, nukta hapa na nukta kule, aache chuma kipoe, ndipo aziunganishe. Akiburuta moto moja kwa moja, bati litavimba kama chapati. Putti ni ya kulainisha uso baada ya chuma kuwa kamili, wala haibebi mtu.

Akina mama, vumbi la kusugua rangi za zamani nalo si la kuchezewa. Rangi nyingi za enzi hizo zilitiwa madini ya risasi, ambayo hudhuru akili za watoto na mimba. Msasa utumike na maji, kijana afunike pua na mdomo, avae miwani, nguo zake zifuliwe peke yake, na wadogo wasicheze mahali hapo mpaka pameoshwa.

Baada ya moto, mwili wote uoshwe kwa maji matamu ili chumvi ya Pwani itoke, ukauke juani barabara, na kutu iliyobaki katika pembe ipakwe dawa ya asidi ya fosfori, ambayo huigeuza ikawa tabaka gumu. Fuata maelezo ya chupa na vaa glavu. Kisha rangi nyekundu ya kuzuia kutu, na juu yake rangi ya kumalizia. Wengi huishia kwenye ile nyekundu wakidhani imetosha, kumbe peke yake hupitisha unyevu. Maungio yazibwe kwa gundi ya mwili wa gari, na ndani ya handaki ipakwe nta au grisi. Oili chafu ya injini, ambayo mafundi wengi huipenda kwa kuwa ni ya bure, haifai: hudhuru ngozi na huharibu mipira ya nyaya.

Mhimili wa muda utolewe mwisho kabisa, na vipimo virudiwe kabla ya nyaya kurudishwa. Vikilingana, mwana aendeshe peke yake kwa majuma kadhaa, kofia ngumu kichwani, kwenye njia isiyo na malori, ndipo ampakie mama, mtu mmoja tu kwa safari. Kila baada ya mvua auinue mpira wa kukanyagia, akaushe chini yake, na autazame mstari wa kuchomelea kwa tochi. Akiona ufa mwembamba kama unywele, chombo kisimame siku hiyo hiyo na fundi aitwe. Vipimo vikikataa kulingana, au lile handaki likionekana limeoza urefu wake wote, basi yule mwenye mizani ya vyuma chakavu apigiwe simu, na bei yake igawanywe kwa warithi.