Tusicheke Ushauri Kabla ya Ndoa

Mwaka 1802 huko Uingereza James Gillray alichora katuni ya watu waliochanjwa ndui wakiota ng'ombe mwilini. Katuni kama hiyo ilichekesha, ikatia na hofu. Lakini kwa chanjo, ndui ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 1980.

Sisi wauguzi tunaikumbuka tunapoona wachumba wanaopima siko seli wakifanyiwa mzaha. Wazazi wote wawili wakibeba chembe ya urithi ya ugonjwa huo, kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kuleta mtoto mgonjwa. Kazi ya daktari ni kueleza, si kuvunja uchumba. Wachumba, pimeni mapema, ulizeni, salini, kisha amueni wenyewe. Na mtoto mgonjwa aliyekwisha kuzaliwa ni zawadi ya Mungu, mleteni kliniki.