Sukari Ngapi? Jibu Langu kwa Wanaosema Mkimbizi Hachagui



Nawaandikia kutoka hapa Magara, kando ya ziwa. Umeme umekatika tangu mchana na simu imebaki asilimia 14, kwa hiyo sitazunguka sana.

Juma lililopita mwenzetu mmoja alituma video humu. Mmeiona. Meli kubwa ya watalii, ghorofa juu ya ghorofa, na ndani yake ukumbi mkubwa wa kulia: taa za kung'aa, vitambaa vyeupe mezani, watu wamevaa vizuri wanakula chakula cha jioni polepole, hakuna anayewaharakisha. Wengi wetu tuliweka vile vimoyo vyekundu. Kisha ndugu yetu mmoja, ambaye siku hizi anafanya kazi na shirika la misaada, akaandika: "Acheni ndoto. Mkimbizi hachagui."

Nilitaka kunyamaza. Nimeshindwa.

Maneno hayo nayajua tangu utoto. Mara ya kwanza niliyasikia kambini, kwenye mkutano wa mambo ya chakula. Mama mmoja alisimama akauliza kama maharage yanaweza kubadilishwa na ndagala, hata mwezi mmoja tu, maana mtoto wake yalikuwa yanamsumbua tumbo. Aliyeongoza mkutano akacheka: "Mama, mkimbizi hachagui." Watu wakacheka. Mama akakaa chini, akajifunika kitenge mabegani kama aliyeshikwa na baridi. Na mimi nilicheka. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Sasa tuanze na huo ukumbi wa kulia, kwa sababu nadhani tumeuangalia vibaya, waliosifu na aliyekemea.

Watu wanadhani pale ni pa matajiri peke yao. Si hivyo hasa. Kwenye meli nyingi za namna ile, chakula cha ukumbi mkuu kimeshaingia ndani ya nauli. Aliyelala chumba cha bei ya chini kisicho na dirisha, na aliyelala chumba chenye baraza lake, wote wanaruhusiwa kuketi pale na kuletewa menyu ileile. Kwa desturi yao ya zamani unapewa meza yako na saa yako, na anayekuhudumia ni yuleyule kila jioni mpaka safari iishe. Usiku wa kwanza anakuuliza jina, na kama kuna chakula kinachokudhuru au usichokula. Usiku wa pili anakuita kwa jina. Usiku wa tatu ameshajua kwamba wewe ni mtu wa chai, si mtu wa kahawa.

Haya, ondoeni taa. Ondoeni vitambaa vyeupe. Kinabaki nini? Vinabaki vitu vitatu: umeketi, umeulizwa, umeitwa kwa jina. Nyama hata Rumonge ipo, na samaki wetu mukeke akichomwa vizuri hana wa kumtisha. Watu wale wanakifurahia chakula chao kwa sababu ya hivyo vitatu. Na niambieni, katika hivyo vitatu, ni kipi kinachohitaji mfadhili?

Mtasema hiyo ni bahari ya wengine, sisi inatuhusu nini. Inatuhusu. Na sisi tulipanda meli yenye ukumbi wa kulia. Wengi wenu humu mliipanda.

Mwezi wa tano mwaka 2015. Tulitoka Magara usiku, tukashuka Rumonge, tukafika Nyanza-Lac, tukavuka mpaka mpaka Kagunga. Waliofika pale hawahitaji kuelezwa. Kijiji kidogo cha Tanzania, mlima nyuma, ziwa mbele, barabara ya gari hakuna. Makumi ya maelfu ya watu tulilala ufukweni, kipindupindu kikaingia, na njia ya kutoka ilikuwa moja: Liemba. Meli ilikuwa inasimama mbali kidogo, tunapelekwa kwa maboti, inachukua watu kama 600 kwa safari moja, inakwenda kuwashusha Kigoma, inarudi.

Nilikuwa na bibi yangu. Bibi alikuwa anaijua Liemba kwa macho tangu ujana wake, maana zamani ilikuwa inapanda mpaka Bujumbura kabla vita vya miaka ya 1990 havijaikatiza. Alikuwa akituhadithia kwamba usiku waliiona kwa mbali kutoka huku kwetu, taa tupu juu ya maji, na wanawake waliokuwa wakipika mawese walikuwa wakisema: kule ndani kuna watu wamekaa mezani wanakula.

Siku ile alipandishwa yeye mwenyewe, amebebwa kama gunia, miguu imevimba. Baba mmoja wa melini akamwona, akamshika mkono, akamwingiza kwenye chumba cha kulia akamkalisha kwenye kiti, mbele ya meza. Nikaingia nyuma yake. Palikuwa na kina mama wenye vichanga. Yule baba akaleta chai kwenye kikombe, akainama kidogo, akauliza:

"Bibi, sukari ngapi?"

Bibi hakujibu. Tangu tuvuke mpaka tulikuwa tumeulizwa maswali mawili tu: mko wangapi, na mmetoka wapi. Hilo la tatu lilimkuta hajajiandaa. Akamtazama yule baba, akaitazama chai, machozi yakaanza kushuka. Kisha akasema: "Tatu."

Nyumbani alikuwa anaweka kijiko kimoja.

Bibi alikaa Nyarugusu miaka, akafia huko. Kila mgeni aliyekuja kwenye banda letu alihadithiwa chai ile. Unga wa mgao wa miaka yote hiyo hakuuhadithia hata mara moja, ingawa ndio uliomweka hai. Nyie watu wa misaada, hilo lifikirieni kidogo kabla ya kunijibu.

Halafu kuna jambo jingine kuhusu meli ileile. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa kwenye masanduku kama 5,000, ikaletwa Dar es Salaam kwa bahari na Kigoma kwa reli. Ilishushwa majini mwaka 1915. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha isishikwe na adui. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba. Jina lake la kwanza lilikuwa Graf von Götzen.

Huyo Götzen alikuwa nani? Ndiye gavana aliyekuwa anatawala koloni la Wajerumani wakati Vita vya Maji Maji vilipoanza mwaka 1905. Askari wa serikali yake walichoma mashamba na maghala kusini mwa Tanganyika ili watu wasalimu amri. Waliokufa kwa njaa ni wengi kuliko waliokufa kwa risasi. Njaa ile haikutoka mbinguni, ilipangwa na watu waliojua kwamba ukishika chungu cha mtu umemshika mwenyewe.

Sisemi mgawaji wa unga ni Götzen, msinilishe maneno. Liemba hiyohiyo, mwaka 1997, iliwarudisha kwao makumi ya maelfu ya ndugu zetu Wakongo waliokuwa wamekimbilia Tanzania, na mwaka 2015 ikatuokoa sisi. Nashukuru, na nitashukuru mpaka kufa. Nasema tu kwamba swali la nani anaamua unakula nini halijawahi kuwa swali la tumbo peke yake. Anayekulisha bila kukuuliza, hata akiwa na moyo mzuri, amekushika mahali ambapo mtu mzima hapaswi kushikwa.

Jibu lenu nalijua: pesa hazipo. Ni kweli. Mwaka 2023 Shirika la Chakula Duniani lilipunguza mgao kambini Tanzania mpaka asilimia 65 mwezi wa tatu, na asilimia 50 mwezi wa sita. Waliokuwa kule wanajua nusu ya mgao ina maana gani usiku mtoto akilia. Hatudai kwamba mtoe kisichokuwepo.

Lakini upungufu wa unga hauelezi kila kitu. Hauelezi kwa nini mzee wa miaka 70 asimame juani tangu asubuhi wakati viti viko ofisini. Hauelezi kwa nini mtu aitwe kwa namba ya kadi wakati jina lake limeandikwa kwenye kadi hiyohiyo. Hauelezi kwa nini kwenye semina moja niliyohudhuria wawezeshaji walikula ndani mezani, sisi tukapewa vifurushi tukale chini ya mti, na semina yenyewe ilikuwa ya utu wa mkimbizi. Pale umaskini haukuhusika. Yalikuwa mazoea.

Na msiseme kuchagua hakuwezekani. Nyarugusu ilishajaribiwa. Mwishoni mwa mwaka 2016 baadhi ya familia zilianza kupewa pesa badala ya mgao, kila nyumba ikanunua ilichotaka. Mwaka 2017 serikali ikausimamisha mpango ule. Mipango husimamishwa, najua, na wafanyakazi wa mashirika hawakuuliza watuulize. Lakini kwa muda ule mfupi mama alikwenda sokoni, akabonyeza nyanya, akaiacha, akachukua nyingine. Aliyesema mkimbizi hachagui angekuja kumwangalia mama yule na nyanya yake.

Hata bila mpango, watu wanachagua. Mtu anauza sehemu ya unga wake kwa bei ya kutupa apate ndagala na chumvi. Nyie mnaandika kwenye ripoti kwamba wakimbizi wanauza msaada. Andikeni vizuri: amelipia haki ya kuchagua, na ameilipia kwa njaa yake mwenyewe.

Sasa vijana wenzangu, msipige makofi mapema, zamu yenu imefika.

Mlioweka vimoyo kwenye ile video, mliwaona wanaobeba sahani? Kwenye meli zile wengi wao wanatoka Ufilipino, India, Indonesia. Mikataba yao ni ya miezi mingi baharini, mbali na watoto wao, na wao hawali kwenye ukumbi ule. Wana sehemu yao chini. Kwa hiyo furaha ya meza ile ina mgongo wa mtu chini yake. Kama ndoto yetu ni kukaa tu pale juu na kuhudumiwa, hatujajifunza kitu kambini, tunangoja tu zamu yetu ya kuwa mabwana.

Na hapa lazima niseme langu, kwa sababu ndilo lililoninyima usingizi.

Mnajua huku Magara anga likiwa safi tunaiona milima ya Congo ng'ambo. Kule kukichafuka, watu wanakuja kwa maboti ya uvuvi, wamelowa, kama walivyokuja kwa maelfu kutoka Fizi mwanzoni mwa mwaka 2018. Siku moja, baada ya sisi kurudi nyumbani, walikuja tena wachache, na mimi nikajitolea kusaidia kugawa chakula. Nimevaa kizibao, nina daftari, najiona mtu. Mzee mmoja akafika mbele yangu, akatazama sahani ya wali, akauliza kwa adabu kabisa: "Mwanangu, hakuna bugali?"

Nikamjibu, bila hata kuinua macho kutoka kwenye daftari: "Mzee, mkimbizi hachagui."

Mimi! Mjukuu wa yule bibi!

Mzee hakusema neno. Alichukua sahani, akaenda kukaa pembeni, akatupa mgongo, akala akiangalia ziwa. Sikumfuata kumwomba radhi. Niliona aibu mbele ya wenzangu wenye vizibao. Siku ya pili nilipokwenda na unga wa muhogo niliouomba kwa shangazi, walikuwa wameshapelekwa kwingine. Sikumwona tena, na jina lake sikuwa nimeliuliza, nilikuwa nimeandika tu: mwanaume 1.

Ndiyo maana sijibu kama mtu msafi. Maneno yale yanaambukiza. Aliyeambiwa jana ndiye anayeyasema leo, kwa lafudhi ileile.

Basi ninaomba mambo matatu, na yote hayahitaji barua kwa mfadhili. Mosi, mtu akila mbele yako, apate mahali pa kukaa, hata kama ni gogo au jiwe lililofagiliwa. Pili, umwite kwa jina lake. Tatu, umwulize kitu kimoja ambacho anaweza kujibu na jibu lake likabadilisha kilicho kwenye sahani: chumvi au bila chumvi, mchuzi juu au pembeni, sasa au baadaye mtoto akiamka. Kama huna bugali, sema: "Mzee, leo bugali hakuna, nisamehe." Hilo ni jibu la mtu kwa mtu. "Mkimbizi hachagui" si jibu, ni mlango unaofungwa usoni.

Na ndugu yetu uliyeandika yale maneno, sikuchukii. Njoo Magara siku moja. Nitakutafutia mukeke, tutakaa mezani kwa shangazi, na kabla hujaketi nitakuuliza kama unapenda pilipili. Ukishajibu, uniambie ulijisikiaje.

Simu imebaki asilimia 3. Anayepinga apinge hapa, bila matusi. Nitasoma umeme ukirudi.