Tapu Kwanza, Kuchomelea Baadaye

Pedali ya baiskeli ikishaliwa thredi na kuanza kucheza, tiba iliyozoeleka kwenye vijiwe vyetu vingi ni kuichomelea kwenye mkono wake. Mteja anaondoka akiendesha, lakini hasara ndiyo kwanza imeanza. Siku gololi za pedali hiyo zitakapokwisha haitafunguka tena, na itabidi itupwe pamoja na mkono ambao haukuwa na kosa lolote. Kilichoharibika mwanzoni ni meno machache ndani ya tundu moja, na mara nyingi meno hayo yanaweza kusafishwa au kukatwa upya kwa tapu, kile chuma kigumu chenye meno kinachokata thredi ndani ya tundu.

Inasemwa kwamba vifaa hivyo ni vya karakana kubwa. Si kweli kwa baiskeli. Pedali za karibu baiskeli zote za watu wazima zinazotembea Tanzania na Kenya, iwe Phoenix ya China, Hero ya India au mtumba kutoka Japani, zina kipimo kimoja: inchi 9/16, meno 20 kwa inchi. Ya kulia hukazwa kwa kuzungushwa kulia, ya kushoto hukazwa kwa kuzungushwa kushoto, ili mzunguko wa mguu usiilegeze safarini. Kwa hiyo tapu mbili tu, moja ya kila upande, zinaweza kuhudumia mji mzima. Fundi mmoja akishindwa kuzinunua, mafundi watano wa kijiwe kimoja hawatashindwa.

Kazi yenyewe inataka utulivu kuliko nguvu. Thredi za mkono wa pedali huharibika zaidi upande wa nje, pale pedali inapoingizwa ikiwa imepinda, kwa hiyo tapu iingizwe kutoka upande wa ndani ambako meno mazima yataielekeza. Tia oili, zungusha nusu mzunguko, rudisha robo ili vumbi la chuma likatike, kisha endelea. Ukiilazimisha itavunjikia ndani, na kuitoa ni taabu kubwa, maana ni ngumu mno kwa keekee ya kawaida. Ekseli ya gurudumu iliyogongwa nyundo hata tapu haihitaji: tupa ndogo ya pembetatu, ikifuata mfereji mmoja baada ya mwingine, inaweza kuyarudisha meno yaliyolala. Ila fundi apime kwanza. Ekseli nyingi za nyuma za mtindo wa Kiingereza ni inchi 3/8, na nati ya milimita 10 huingia hapo kwa ulegevu. Ikikazwa sana inang'oa meno. Uharibifu mwingi unaosingiziwa uzee wa baiskeli umetokana na nati isiyo yake.

Wapo watakaouliza kwa nini tuhangaike wakati mkono mpya unauzwa dukani. Kwa mkazi wa mjini swali hilo lina uzito. Kwa mchuuzi wa mkaa au maziwa aliye mbali na duka, bei ya mkono ni pamoja na nauli na siku nzima bila kazi, na akibahatika kuupata, huenda ukawa wa chuma laini kuliko ule wa zamani. Hoja ya usalama ni nzito zaidi, nami naikubali. Mkono wenye ufa utupwe. Tundu lililobakiwa na meno mawili matatu halifai kusafishwa tu; litanuliwe na kutiwa bushi yenye thredi, au mkono ubadilishwe. Thredi za uma wa mbele, zinazoushika kwenye fremu, zisifanyiwe majaribio hata kidogo. Lakini mipaka hiyo inamtaka fundi aijue kazi, haimruhusu kukimbilia moto wa kuchomelea, ambao nao hauna usalama wowote pale chuma kinapoungua na kudhoofika.

Hapa Tanzania, shirika la SIDO lipo tangu 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, inafundisha ufundi wa magari na uchomeleaji. Somo fupi la thredi za baiskeli na seti ya kuazima kwa vikundi vya mafundi havitazielemea taasisi hizo. Nawe mwenye baiskeli, kabla hujakubali pedali yako ichomelewe, muulize fundi kama ana tapu ya inchi 9/16. Wateja wakianza kuiulizia, mafundi wataitafuta.