Shemeji, usikate hiyo waya!

Najua nimepotea. Zamu za usiku zimenibana, na mama kashanisema kwenye simu kwamba blogu yangu imeota majani. Haya, leo nimerudi, na nimerudi na ubishi.

Shemeji wa Mwanza kapata leseni yake ya redio ya ridhaa (hongera sana!) na sasa anataka kufunga redio kwenye Land Cruiser. Mwili wa redio uende nyuma kabisa, maiki na kile kioo chenye vitufe vibaki mbele kwa dereva. Waya zilizokuja na redio hazifiki. Kaniandikia kwamba fundi wake anasema ni kazi ya dakika kumi: wanakata katikati, wanaunga kipande cha mita tatu, wanazungushia utepe, kwisha.

Shemeji, kwa heshima zote, mzuie huyo fundi.

Ujinga huo mimi nimeshaufanya hapa Marekani. Kwa wale wanaouliza kila siku nesi anafanya nini na redio kama ya polisi: nahudumia wagonjwa majumbani, huko vijijini, na kuna barabara ambako simu inakosa mtandao maili 20 nzima. Leseni ya kwanza hapa, Technician, mtihani wake una maswali 35 na ukipata 26 umefaulu. Si lazima uwe raia. Morse nayo walishaifuta kwa madaraja yote mwaka 2007. Basi nikafaulu, nikanunua redio, nikaitia kwenye buti, nikakata waya ya maiki na kuiunga kwa kipande cha waya ya simu ya mezani. Pale nje ya nyumba, injini imezimwa, ikafanya kazi safi kabisa. Nikajipongeza mwenyewe.

Usiku mmoja wa theluji gari likateleza mtaroni. Simu hakuna kitu. Nikashika maiki nikaita, na mtu akanijibu haraka, lakini hakunielewa hata neno moja! Sauti yangu ilikuwa na mlio mkali juu yake, kama mashine ya kusaga. Ilibidi nizime injini, na hita ikafa nayo, ndipo nikataja mahali nilipo pole pole mara tatu hadi akaandika. Nilitetemeka vibaya.

Kosa lilikuwa langu. Maiki hutoa umeme mdogo mno, unaopimwa kwa elfu za volti. Ndani ya waya yake kuna wavu wa nyuzi za shaba unaozuia uchafu wa umeme kutoka nje. Nilipounga waya tupu, wavu ukaishia pale kwenye kiungo, na kelele za oltaneta zikapata pa kuingilia. Ndiyo maana sauti ilikuwa safi injini ikiwa imezimwa. Sisi manesi tunajua kwenye dripu: kila kiungo unachoongeza ni mlango mwingine wa matatizo.

Tena kuna hatari kubwa kuliko kelele. Kwenye plagi ya maiki, pini moja mara nyingi hubeba volti kadhaa. Waya nyingi za simu ya mezani zimegeuzwa, pini ya kwanza upande huu inatokea ya mwisho upande wa pili. Ukizitumia bila kupima, hiyo volti inaweza kwenda isikotakiwa, na redio uliyoinunua kwa jasho ikafa siku hiyo hiyo.

Sasa kabla ya kununua chochote, angalia maiki inachomekwa wapi, maana hapa wengi hukosea. Kwenye Yaesu FT-857D maiki inachomekwa kwenye mwili, siyo kwenye kioo. Kwa hiyo ukitenganisha unahitaji waya mbili ndefu, na ndizo zilizomo kwenye pakiti yake iitwayo YSK-857. Kwenye Icom IC-706MKIIG unaweza kuchomeka maiki kwenye kioo chenyewe, waya moja inatosha.

Kama maiki ina plagi ile ya pini nane inayofanana na ya mtandao wa kompyuta, unaweza kutengeneza ya kurefushia kwa waya ya mtandao, ile yenye kinga ya nje, iliyonyooka. Pima kwa mita: moja kwa moja, mbili kwa mbili, mpaka nane. Fungua kitabu cha redio uone sauti na ardhi yake ziko pini gani, na hakikisha zimesokotwa pamoja. Vika kipande cha feraiti kila mwisho. Pitisha mbali na waya ya betri, mbali na pedali, na usipite kabisa mbele ya airbag. Waya ya asili inabaki nzima. Ukikosea unachomoa tu.

Lakini swali langu hasa, shemeji, ni kwa nini iende nyuma? Redio ya wati 100 kama hiyo FT-857D inakula hadi ampea 22 ikirusha. Kwa waya ya shaba ya milimita za mraba 2.5, ukiwa na mita 5 kwenda na 5 kurudi, volti kama 1.6 zinapotea njiani. Kwa waya ya milimita 6 bado unapoteza kama 0.7. Chini ya kiti cha abiria unafupisha yote, ya betri na ya maiki, mradi uiachie nafasi ya hewa maana inachemka. Yangu ndiko ilikohamia baada ya ule usiku. Fundi atasema buti ni pazuri zaidi. Pazuri kwa nani? Yeye hatalala mtaroni.

Nitumie jina kamili la redio yako na urefu uliopima. Waya naitengeneza mimi na mtu wa kuileta Desemba yupo. Mwambie dada amfungie dagaa wa kurudi nao.